Mwachieni Mtoto Apime Mwenyewe: Vitabu vya Picha na Malezi ya Tabia Njema

(Hotuba kwa wazazi, walimu, waandishi na wachapishaji katika maonesho ya vitabu vya watoto)

Ndugu Mgeni Rasmi, walimu wenzangu, wazazi na walezi, waandishi, wachoraji na wachapishaji, pamoja nanyi watoto mliokaa hapa mbele kwenye mkeka: nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeombwa nizungumzie vitabu vya picha vinavyowafundisha watoto tabia njema na maadili ya familia, nami nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha kufundisha darasa la kwanza: kusoma miswada ya watoto, kukaa na wachoraji, kisha kuzipeleka shuleni kurasa zilizokwisha kuchorwa na kuwasikiliza watoto wanavyozijadili.

Hoja yangu ni moja, nami nitaisema mapema. Vitabu vingi tunavyowaandalia watoto kwa nia njema ya kuwafunza maadili haviwafunzi, kwa sababu havimwachii mtoto nafasi ya kulipima jambo mwenyewe. Mwandishi husimulia, mchoraji huchora, halafu ukurasa wa mwisho huja na hukumu iliyokwisha kukatwa: mtoto huyu alikuwa mbaya, yule alikuwa mwema, basi nanyi muwe kama yule. Maneno hayo mtoto huyasikia nyumbani, shuleni, madrasa na kanisani. Kitabu kikiyarudia tu, hakimwongezei kitu. Ilhali kitabu cha picha kina uwezo ambao mawaidha matupu hayana. Kinamwonesha mtoto tendo, uso wa aliyetenda na uso wa aliyetendewa kwa wakati mmoja, kisha kinamruhusu akae kwenye ukurasa huo kwa muda autakao, arudi nyuma, atazame tena, aulize.

Nitoe mfano wa muswada mmoja uliopita mikononi mwetu. Mvulana wa miaka saba anacheza mpira uani, ingawa amekatazwa, na mpira unaupiga mtungi wa bibi yake wa maji ya kunywa. Anavikusanya vigae, anavifukia kwenye jivu nyuma ya jiko, na bibi anaporudi shambani na kiu yake, mvulana anasema kwamba mbuzi ndiye aliyeuvunja. Muswada ulimalizika kwa sentensi ambayo nyote mnaweza kuikisia: watoto wapendwa, uongo ni mbaya, tuseme kweli daima. Tulimwomba mwandishi aiondoe, na hakukubali kwa urahisi, maana aliona kwamba pasipo sentensi ile kitabu chake hakina funzo. Mchoraji ndiye aliyelitatua jambo hilo. Alimchora mbuzi amefungwa kwa kamba fupi kwenye mwembe, upande wa pili wa ua, mbali kabisa na mahali ulipokuwa mtungi. Kwenye kurasa mbili zinazofuata akamchora bibi anakunywa maji kwa kikombe alichoazima kwa jirani, na mvulana anachungulia nyuma ya mlango, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Mwishoni mvulana anakuja na vigae amevibeba kwenye pindo la shati, uso umejaa jivu, na maandishi yana maneno matatu tu: “Bibi, ni mimi.” Picha ya mwisho haina neno hata moja, bibi na mjukuu wanatoka sokoni, mtungi mpya wameushika pamoja.

Tulipoisoma hadithi hiyo darasani, mwalimu hakuwahi kuufungua ukurasa wa pili wa uongo kabla msichana mmoja hajapaza sauti: “Mbuzi amefungwa!” Darasa zima likainuka kutazama. Hapo ukaanza ubishi ambao mimi na mwalimu hatukuuchochea kwa neno lolote. Mmoja akasema bibi alijua tangu mwanzo, kwa sababu ameitazama kamba. Mwingine akauliza, kama alijua, mbona hakumchapa? Akajibiwa na mwenzake kwamba bibi alikuwa anamsubiri aseme mwenyewe. Mtoto aliyekaa nyuma, ambaye mwalimu aliniambia baadaye kuwa huwa hazungumzi, akasema mvulana yule alikuwa na kiu pia lakini aliona haya kuomba maji. Ndugu zangu, hao ni watoto wa miaka sita na saba, nao walikuwa wanajadili haya, subira, msamaha na namna uongo unavyomtenga mtu na wale anaowapenda. Sentensi ile ya mwisho ingebaki, mjadala ule usingekuwapo. Watoto wangeitikia “Ndiyo, mwalimu” na kufunga kitabu.

Wapo wanaodhani kwamba namna hii ya kusimulia ni ya kigeni, na kwamba mila yetu ni kumwambia mtoto waziwazi. Mimi naona kinyume chake. Tuliokaa usiku tukiitikia “Pakawa!” kila bibi aliposema “Paukwa!” tunakumbuka kwamba hadithi ilipokwisha ilikwisha, na waliobaki kuijadili ni watoto wenyewe wakielekea kulala. Itazameni hadithi ya Sungura na kisima, ambayo kila mtu hapa aliisikia kwa namna fulani. Ukame umeingia, wanyama wote wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, kisha usiku anakuja kuiba maji na kuwahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, hadi Kobe anapomnasa. Mtoto anampenda Sungura kwa werevu wake na wakati huohuo anajua kwamba amewadhulumu wenzake waliotoka jasho. Kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, kwamba mtu anaweza kupendeza na bado akawa na kosa, ni kazi kubwa ya moyo na akili, na mababu zetu waliwaamini watoto wadogo kuifanya.

Hata pale wazee wetu waliponuia kutoa wasia wa moja kwa moja, walijua kwamba wasia unahitaji ukaribu. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wake mashuhuri mnamo 1858, alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, na jambo alilolitanguliza ni kumwita binti yake asogee, aketi mbele yake, aje na wino na karatasi. Naliweka jambo hilo mbele yenu, wazazi, kwa sababu kitabu cha picha nacho kimetengenezwa kwa ajili ya watu wawili walioketi pamoja. Maandishi yake ni machache kwa makusudi, ili mkubwa apate nafasi ya kunyamaza na mdogo apate nafasi ya kusema. Mzazi anayempa mtoto wa miaka minne kitabu na kumwambia akasome chumbani anakifanya kitabu hicho kifanye nusu ya kazi yake.

Tena siyo lazima mkubwa huyo awe amesoma. Nimewaona mabibi wasiojua herufi hata moja wakikishika kitabu cha picha na kukisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, wakiongeza mambo ambayo mwandishi hakuyafikiria, wakimwambia mjukuu kwamba mtungi kama huu mama yako aliuvunja alipokuwa kama wewe. Hapo kitabu kimeigusa familia yenyewe, na mtoto amejua kwamba mama yake naye aliwahi kukosa na akasamehewa. Kwa hiyo walimu wanaowapa wanafunzi kitabu cha kwenda nacho nyumbani nawaomba wawape wote, wawe wazazi wao wanajua kusoma au hawajui, na wasimnyime mtoto kitabu kwa kuwa nyumbani kwao “hakuna wa kumsomea”.

Nije sasa kwenye familia tunazozichora, maana hapa nina la kusema kwa waandishi na wachoraji. Kwa miaka mingi vitabu vyenye rangi nzuri vilivyowafikia watoto wetu vilitoka nje, na ndani yake kila mtoto alikuwa na chumba chake, baba, mama na ndugu mmoja. Sivikatai vitabu hivyo. Mtoto anafaidika kuona maisha ya wengine. Lakini maadili ya familia hujifunzwa katika mambo madogo ya siku nzima, na mambo hayo yana sura ya mahali. Kwetu yamo katika “Shikamoo” inayosemwa mtoto akiwa amesimama au amepiga goti, na “Marahaba” inayoitikiwa kwa kumtazama usoni. Yamo katika sinia moja, ambapo mkubwa anausukuma mnofu kuelekea upande wa mdogo bila kusema. Yamo katika kutumwa dukani na noti ya elfu mbili na kurudi na chenji kamili huku pipi zikiwa zimetazamwa na kuachwa. Mchoraji anayejua maisha hayo hata kanga ya mama huiandikia jina lake, na mtoto aliyeanza kusoma huona fahari kulisoma jina la kanga kabla ya kuyasoma maandishi ya mwandishi.

Lipo kundi moja la watu ambalo vitabu vyetu vimelionea, nalo ni mama wa kambo. Katika hadithi nyingi tulizozirithi mama wa kambo ni mtu wa kumnyima mtoto chakula, kumtuma usiku mtoni na kuwapendelea wanawe. Hadithi hizo zilikuwa na sababu zake, kwa kuwa mateso hayo yamekuwapo na bado yapo. Hata hivyo, ingieni leo katika darasa lolote la awali na mtawakuta watoto wanaolelewa na mama wa kambo, baba wa kambo, shangazi, mama mdogo, babu, au kaka mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wasome. Mtoto anayesuka nywele kila Jumapili mikononi mwa mama wa kambo anayempenda anajifunza nini akifungua vitabu vitano na kumkuta mtu huyo ni mchawi katika vyote vitano? Wala mama huyo, anayejitahidi kupendwa na mtoto asiyemzaa, hasaidiwi. Nawasihi waandishi mtuandikie hadithi ya mtoto aliyekataa kumwita “mama”, na ya mama aliyesubiri. Hilo ni jambo la maadili ya familia lenye uzito kuliko hadithi kumi za kupiga mswaki.

Vilevile tuangalie nani anafanya nini katika picha. Kama katika kila kitabu cha utii na bidii msichana anaosha vyombo na mvulana anasoma, tumekwisha kufundisha somo ambalo halikuandikwa popote, na mtoto hulishika hilo haraka kuliko lililoandikwa.

Suala la utii ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi, maana ndilo gumu. Wazazi wengi huniambia wanataka vitabu vinavyomfundisha mtoto kutii wakubwa, na ombi lao ni halali. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unatofautiana na mikataba mingine kwa kuwa katika ibara ya 31 unamtaja mtoto kuwa na wajibu pia: kuusaidia umoja wa familia yake, kuwaheshimu wazazi na wazee, kuwasaidia wanapohitaji. Hayo ni maadili yetu yaliyowekwa katika sheria. Lakini mkataba huohuo, katika ibara ya 16, unataka mtoto alindwe dhidi ya mateso na udhalilishaji wa kila namna, ukiwamo wa kingono, na kila mmoja wetu hapa anajua kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu mzima anayemfahamu, anayemwamkia, pengine anayekula naye. Kitabu kinachomfundisha mtoto kwamba kila mkubwa hutiiwa katika kila jambo kinamvua ngao.

Kwa hiyo heshima tunayoifundisha katika kurasa hizi lazima iwe na macho. Mtoto aone katika picha kwamba mtu mzima mwenye heshima hamwombi mtoto afiche siri kwa mama yake. Aone mtoto akisema “Hapana, naenda kumuuliza mama kwanza”, na aone kwamba mama, badala ya kumkemea kwa utovu wa adabu, anainama na kumsikiliza. Picha hiyo ya mzazi anayesikiliza naiona kuwa ya lazima, kwa sababu watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kwamba hawatasadikiwa. Na mzazi anayekisoma kitabu hicho kwa sauti anatoa ahadi bila kujua: mtoto amekwisha kuiona sura ya mama anayesadiki, naye atatazamia kuiona nyumbani.

Upo mfano mzuri wa kitabu cha Kiafrika kilichofanya kazi ya namna hii pasipo kuhubiri. Meshack Asare wa Ghana alimwandika na kumchora mvulana aitwaye Sosu, asiyeweza kutembea, anayeishi katika kijiji kilicho kati ya bahari na wangwa. Baadhi ya wanakijiji wanaona haifai aonekane mbele yao. Siku bahari inapochafuka, wenye nguvu wako kazini mbali, na Sosu anajikokota hadi kwenye ngoma na kuipiga hadi watu wanarudi kuwaokoa wazee na watoto. Kitabu hicho kilipata tuzo ya UNESCO ya mwaka 1999 ya fasihi ya watoto inayojenga uvumilivu. Hakuna mahali mtoto anapoambiwa awaheshimu watu wenye ulemavu. Anamwona Sosu akijivuta majini, anaisikia ngoma moyoni mwake, na kuanzia hapo hawezi tena kukubaliana na wanakijiji wale.

Nageukia shule kwa kifupi. Mtaala wetu ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wenzetu wa Kenya katika mtaala wao wa umilisi wameyataja waziwazi maadili wanayoyakusudia, yakiwamo upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo na uadilifu. Hiyo ni fursa njema kwa vitabu vya ziada. Hofu yangu ni kwamba wachapishaji wataichukua orodha ya maadili na kuagiza kitabu kimoja kwa kila neno, hadithi ikishonwa kulizunguka neno hilo. Mtoto hukutana na uaminifu, huruma na woga katika tukio moja, kama yule mvulana wa mtungi, na hadithi iliyokatwa ili itoshee neno moja huwa nyembamba hata mtoto huiona.

Kuna na upande wa kazi yenyewe, ambao wazazi hawauoni. Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa, na ndiyo maana vitabu hivi huwa na kurasa 16, 24 au 32. Katika kitabu cha kurasa 24, ukitoa ukurasa wa jina na ule wa taarifa za uchapishaji, hubaki nafasi kama kumi tu za picha pana. Ukurasa wa mawaidha ukiingizwa, umeichukua nafasi ya picha moja, na mara nyingi inayotolewa ni ile ya kimya, yaani ile ambayo mtoto angeisoma mwenyewe. Mchoraji naye katika nyumba nyingi za uchapishaji huletewa maandishi wiki za mwisho, akilipwa kwa kila picha kama fundi wa kupamba, wakati katika kitabu cha aina hii yeye ni mtunzi wa pili. Nawaomba wachapishaji mumwite tangu muswada ungali mbichi, alipwe kama mtunzi, na jina lake liwe juu ya jalada pamoja na la mwandishi.

Najua mtanijibu kwamba rangi ni ghali na soko ni dogo, na jibu hilo lina ukweli. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza hapa Tanzania mwaka 1991, uliielewa hali hiyo. Ulimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 kati ya 5,000 alizochapa, ukazigawa shuleni, na mchapishaji akabaki na 2,000 za kuuza. Kwa utaratibu huo vilizaliwa vitabu vingi vya Kiswahili ambavyo soko peke yake lisingevizaa, na waandishi na wachoraji wakapata mahali pa kujifunzia kazi. Halmashauri, taasisi za dini na kampuni zenye uwezo zinaweza kufanya hivyohivyo kwa kitabu kimoja kimoja. Mzazi aliye mbali na duka la vitabu anaweza kuanza na simu yake: maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili zinazosomwa na kuchapwa bila malipo. Isomeni pamoja, simu ikiwa mkononi mwenu nyote wawili.

Kwa wachapishaji mliopo nina ombi la mwisho, na linatekelezeka kuanzia muswada mlio nao mezani sasa. Kabla hamjaupeleka kwa mpiga chapa, chapeni nakala chache za rangi kwa mashine ya kawaida, mzipeleke katika darasa moja la watoto wa umri mnaoukusudia, na mwalimu asome bila ule ukurasa wa mwisho. Mhariri akae nyuma, aandike wanayoyasema watoto kwa maneno yao. Wakikaa kimya, hadithi irudi kwa mwandishi na picha zirudi kwa mchoraji. Wakibishana, ukurasa wa mawaidha utolewe na mchoraji arudishiwe nafasi yake. Walimu wa shule tano za jirani wamekwisha kuniambia kwamba madarasa yao yako wazi kwa kazi hiyo, na majina ya shule hizo yapo kwenye meza ya usajili pale mlangoni.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.